Ridhaa ya Mgonjwa: Mwili ni Amana, Mwenyewe Aulizwe

(Haya ni maneno ya mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, baada ya Swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan.)



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Masheikh wetu, wazazi wetu, na nyinyi vijana wenzangu. Najua mko na saumu, na kuna walio na vyungu jikoni, kwa hiyo sitawachosha. Nilipoambiwa nizungumze leo, wengi walitarajia nitaeleza fadhila za kumi la mwisho. Hayo masheikh wetu watayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimeomba nizungumze juu ya jambo ambalo halitajwi sana misikitini, lakini laingia katika kila nyumba. Mgonjwa wetu akiwa hospitali, akatolewa damu, au akakatwa kipande cha nyama kikapelekwa maabara, ni nani aliyeulizwa? Na baada ya kupimwa, kile kilichobaki chaenda wapi?

Mimi si daktari wala si shekhe. Ni mwanafunzi tu, niliyesoma madrasa hapa hapa kwetu kisha nikajaaliwa kufika chuo kikuu. Na jambo hili sikulisoma darasani kwanza. Lilinifika nyumbani, na kosa lilikuwa langu. Nitawaeleza mbele.

MWANAMKE ALIYECHUKULIWA BILA KUULIZWA

Huko Marekani kulikuwa na mama mmoja, jina lake Henrietta Lacks. Alizaliwa mwaka 1920, mtu mweusi, masikini, mama wa watoto watano. Mwanzoni mwa mwaka 1951 alihisi uvimbe tumboni, akaenda hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore. Zama hizo watu weusi walitengwa katika wodi zao peke yao, na hospitali iliyokubali kumtibu mtu mweusi asiye na pesa haikuwa rahisi kupatikana. Alipopimwa alikutwa na saratani ya mlango wa kizazi.

Kabla ya matibabu alitia sahihi karatasi ya kukubali kutibiwa. Basi, hiyo ndiyo ridhaa aliyoitoa: kutibiwa. Lakini alipokuwa amelazwa usingizi, daktari alikata vipande viwili vidogo, kimoja cha ule uvimbe na kimoja cha nyama nzima, vikapelekwa katika maabara ya mtafiti aitwaye George Gey. Mama yule hakuulizwa, wala hakuambiwa.

Sasa sikilizeni ajabu ya Mwenyezi Mungu. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wakijaribu kukuza seli za binadamu nje ya mwili, nazo zikifa baada ya muda mfupi. Za mama huyu hazikufa. Kila siku moja hivi huongezeka mara mbili, na mpaka leo zinaishi. Wataalamu waliziita HeLa, kwa herufi za kwanza za majina yake mawili. Zilitumika kuijaribu chanjo ya polio katika miaka ya 1950. Zilipelekwa mpaka anga za juu. Miaka ya 1980 zilikuwa katika zilizomsaidia mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, kuonyesha kwamba saratani ya mlango wa kizazi yasababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Na ile chanjo ya HPV ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka kumi mwaka 2019, asili yake yatoka katika ujuzi huo. Yaani dada zetu wadogo wafaidika leo na mwili wa mama ambaye hakuulizwa.

Yeye mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, akiwa na miaka 31. Kaburi lake halikuwekwa jiwe wala jina mpaka mwaka 2010. Mumewe na watoto wake walikaa zaidi ya miaka ishirini bila kujua lolote. Waliposikia, katika mwaka 1973, ni kwa sababu watafiti walikuja kutaka na damu yao pia, na mumewe akadhani wanapimwa kama wana saratani. Huku nyuma makampuni yalikuwa yakiuza seli za mama yao duniani kote, na baadhi ya watoto wake hawakuwa hata na bima ya kutibiwa.

Mtu atasema, hayo ni ya kale. La. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walitangaza hadharani siri za urithi zilizomo ndani ya seli zile, siri ambazo ni za watoto na wajukuu walio hai, na familia tena haikuulizwa. Baada ya malalamiko ziliondolewa, na mwaka huo huo serikali ya Marekani ikaafikiana na familia kwamba wawakilishi wao wakae katika kamati ya kuamua nani aruhusiwe kuziona. Na Agosti 2023 familia ilipatana na kampuni moja kubwa iliyokuwa imeishtaki, miaka 72 baada ya kile kipande kukatwa.

Ndugu zangu, tuwe waadilifu hata tunapolaumu. Yule Gey hakuziuza seli zile. Alikuwa akiwagawia wenzake bure, akitafuta dawa ya saratani. Wala sheria ya wakati ule haikumlazimisha aulize. Hiyo ndiyo hatari yenyewe ninayotaka tuione. Dhulma haihitaji mtu mwenye nia mbaya. Aweza kuwa mtu mwema, mwenye haraka, anayejiambia kwamba hiki anachokichukua mwenyewe hakihitaji.

NENO MOJA KATIKA FOMU

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Katika hospitali ya watoto ya Alder Hey, mji wa Liverpool, kati ya mwaka 1988 na 1995, watoto waliofariki walifanyiwa uchunguzi, na viungo vyao, mioyo na mengineyo, vikawekwa bila ya wazazi kujua. Ripoti ya uchunguzi ilitoka Januari 2001. Kuna wazazi waliomzika mtoto, kisha wakaitwa wapewe kiungo kilichobaki, wakazika tena, na wengine wakazika mara ya tatu. Hebu mfikirie mzazi huyo. Katika mambo yaliyoonekana katika kashfa hiyo ni kwamba fomu waliyotia sahihi baadhi ya wazazi ilitumia neno tishu. Mzazi akidhani ni kipande kidogo cha kutazama kwa darubini. Hospitali ikahesabu kwamba moyo mzima pia ni tishu. Kutokana na hayo Uingereza ilitunga sheria mpya mwaka 2004 ambayo nguzo yake ni moja: ridhaa.

Kwa hiyo, sahihi peke yake si ridhaa. Mtu aweza kutia sahihi na asiwe ameridhia kitu chochote, kwa sababu hakujua anaridhia nini.

DINI YETU YASEMAJE?

Sisi tuliosoma madrasa neno ridhaa si geni kwetu. Twalijua katika nikaha. Shekhe hafungi ndoa mpaka bibi arusi aulizwe. Twalijua katika biashara, maana Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, ametukataza kulana mali kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Sasa ikiwa gunia la mchele halichukuliwi ila kwa ridhaa ya mwenyewe, je, mwili wake?

Na mwili huu si mali yetu ya kufanya tupendavyo. Ni amana. Katika Surat Al-Israi, aya ya 70, Mola ametueleza kwamba amewatukuza wanadamu. Hakusema matajiri wala hakusema waliosoma. Na heshima hiyo haikatiki kwa mauti. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bi Aisha (R.A.), kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Ndiyo maana twamwosha maiti kwa upole na kumsitiri. Ndiyo maana wazee wetu kondo la nyuma halikutupwa jaani, lilizikwa.

Lakini kuna kisa kimoja ambacho nataka vijana mkihifadhi. Wapo katika Bukhari na Muslim walioeleza, kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) vile vile, kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa mgonjwa, katika maradhi yake ya mwisho, watu wa nyumbani walimtia dawa upande mmoja wa kinywa. Yeye akawaashiria wasimtie. Wao wakaona, ah, huyu ni mgonjwa, na kila mgonjwa huchukia dawa. Wakamtia. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwa amewakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwamo mle nyumbani atiwe dawa ile ile mbele ya macho yake, isipokuwa ami yake Abbas, kwa kuwa yeye hakuwapo.

Subhanallah! Tazameni. Waliomtia ni watu waliompenda kuliko nafsi zao. Walichomtia ni dawa, si sumu. Na alichokifanya yeye ni ishara tu, hakuwa na nguvu ya kusema. Pamoja na hayo ile ishara ilikuwa ni jibu, na walipoipuuza walikosea, na akataka walionje kosa lao. Basi ugonjwa haumwondolei mtu haki ya kuulizwa, wala ya kujibiwa.

Na wanavyuoni wa zama zetu wamelizungumza. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1988, likakubali kupandikiza kiungo cha mtu kwa mtu mwingine kwa masharti. Aliye hai asidhurike katika uhai wake, aliyekufa awe aliruhusu kabla au warithi wake waruhusu, na kiungo kisiuzwe. Mwaka 1992, Jeddah tena, likasema mgonjwa mwenye akili timamu hatibiwi bila ya idhini yake, ila katika dharura ambapo maisha yako hatarini na hapana nafasi ya kungoja. Na kuhusu utafiti likasema ridhaa isiwe ya kulazimishwa, kama kwa mfungwa, wala ya kuvutwa kwa pesa, kama kwa mtu mhitaji.

Kwa hiyo asije mtu akatoka hapa akasema fulani ametukataza kwenda maabara, au ametukataza kutoa damu. Sivyo. Katika Surat Al-Maida, aya ya 32, Mola amefananisha kuihuisha nafsi moja na kuwahuisha watu wote. Bila ya utafiti hakuna chanjo, hakuna dawa. Kutoa ni kheri kubwa. Lakini sadaka hutolewa na mwenyewe. Kikichukuliwa bila ya yeye kujua, hata kikatumika katika kheri, hiyo si sadaka yake.

KOSA LANGU MIMI

Sasa nije kwangu. Miaka miwili iliyopita nyanya yangu alikuwa na uvimbe shingoni. Tulimpeleka hospitali, sitaitaja. Daktari akasema yataka akatwe kipande kidogo kipimwe. Mimi ndiye niliyekaa naye, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba, najua Kizungu.

Muuguzi alikuja na karatasi mbili, zote kwa Kizungu, akasema, "Msaidie nyanya aweke kidole hapa na hapa." Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nimechoka. Nyanya akanitazama, akaniuliza, "Mjukuu wangu, karatasi hizi zasemaje?" Nikamjibu, "Ni za hospitali tu, nyanya. Weka kidole." Akaweka. Kidole cha kwanza, kidole cha pili. Aliweka kwa sababu aliniamini mimi. Yule muuguzi hakumjua.

Usiku nyumbani nilitoa nakala mle katika bahasha nikazisoma. Ya kwanza ilikuwa ya kukubali kukatwa. Ya pili ilisema kwamba kipande kitakachobaki baada ya kupimwa kitawekwa na chaweza kutumika katika utafiti wa baadaye, na kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa na matibabu yake hayatabadilika. Ana haki ya kukataa. Iliandikwa pale, na mimi nilikuwa nimeishika mkononi.

Matokeo alhamdulillah yalikuwa mema. Lakini mimi jambo lile lilinikaa. Likanikaa mpaka siku ya kuvunja jungu, tulipokuwa twatakana radhi kama ada yetu, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungeniuliza ningekubali. Mimi mtu mzima, chakwenda wapi kinyama hicho? Kama chaweza kumfaa mtu, na wakichukue. Lakini hukuniuliza."

Wallahi, sijapata kuambiwa neno zito kama hilo. Angekubali! Mimi nilimnyima nafasi ya kutoa sadaka kwa ulimi wake. Alinisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Tukaenda pamoja hospitali tukaomba ile fomu ya pili iandikwe upya, na nikamsomea neno kwa neno kwa Kiswahili. Akauliza maswali mawili, akajibiwa, akaweka kidole. Kidole kile kile, lakini safari hii kilikuwa chake.

Ndipo nikafahamu kwamba twapenda kuwalaumu madaktari, na baadhi yao wastahiki lawama, lakini mara nyingi mlango wa dhulma hufunguliwa na sisi, watoto tuliosomeshwa. Mama amekuuza maandazi mpaka ukasoma Kizungu, kisha anakuomba umsomee karatasi moja, wamwambia, "Weka kidole." Je, hiyo si khiyana katika amana?

HAKI ZETU NA WAJIBU WETU

Sheria ya nchi yetu iko upande wa mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 28, yatambua utu wa kila mtu na haki ya utu huo kuheshimiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, na faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa kila inapowezekana, na yampa haki ya kukataa. Sheria hiyo hiyo yataka ridhaa ya maandishi kabla tishu haijatolewa katika mwili wa mtu aliye hai. Lakini sheria haiji wodini kukusomea fomu. Yataka mtu aseme. Basi ukiwa na mgonjwa wako, uliza haya, kwa adabu na bila ugomvi:

Kwanza, karatasi hii ni ya matibabu au ya utafiti? Ikiwa ni mbili, zitenganishwe, na kila moja ielezwe mbali.

Pili, ni nini hasa kitakachotolewa, damu, makohozi, kipande cha nyama, au kiungo? Msikubali neno lisiloeleweka. Kumbukeni Liverpool.

Tatu, kikibaki kitatupwa, kitazikwa, au kitawekwa? Kitawekwa wapi, na je, chaweza kupelekwa nje ya nchi au kuuzwa?

Nne, jina la mgonjwa litaandikwa juu yake, au litafichwa? Maana ndani ya damu ya mtu mna siri za watoto wake pia.

Tano, akikataa, matibabu yake yataendelea? Na akibadilisha nia kesho, amwone nani?

Na wewe mwenye kufasiri, usifasiri nusu. Usimwambie mgonjwa kile unachotaka akubali. Mwambie kilichoandikwa, kisha unyamaze umwache aseme. Bibi arusi huambiwa kunyamaza kwake ni ridhaa, lakini mgonjwa aliyenyamaza kwa kuogopa koti jeupe hajaridhia kitu.

Na kwa wale miongoni mwenu wanaosomea udaktari, uuguzi na kazi za maabara, na alhamdulillah wapo humu ndani: kesho nyinyi ndio mtakaoshika kalamu. Ile chupa ndogo yenye nambari ina mtu nyuma yake. Ana jina, ana watoto, na Siku ya Kiyama atasimama pamoja nanyi. Dakika tano za kumweleza si hasara.

Ndugu zangu, mwezi huu twajizuia na maji yetu wenyewe, tuliyoyanunua kwa pesa zetu, kwa sababu Mwenye kutumiliki hajaturuhusu mpaka Magharibi. Saumu yatufundisha kungoja ruhusa katika kilicho chetu. Je, katika kisicho chetu?

Basi leo jioni, mkishafuturu, kaeni na wazee wenu. Waulizeni wangependa wafanyiwe nini wakiugua, na nini hawataki. Msingoje mpaka wawe kitandani na mipira puani. Na kama yuko uliyewahi kumwambia, "Weka kidole tu," basi mtake radhi kabla ya Idi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, atujaalie tuwe watu wa kutimiza amana, na atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.